Kwa Nini Tusiongeze Mwanga Tu?

Nikiwa mwaka wa tatu niliandika andiko la mradi ambalo nililipenda mno. Mimi ni mtoto wa Tabora, na hoja yangu ilikuwa ya nyumbani. Nilisema hivi: mwanga wa intaneti ukitoka pwani kuja kwetu kwa faiba unahitaji kukuzwa njiani, tuseme kila kilomita 80, na kila kituo cha amplifaya kinataka umeme, betri na mlinzi. Sasa, kwa nini tusiwashe leza yenye nguvu mara kumi kule Dar es Salaam, vituo kumi vibaki sita?

Msimamizi wangu alisoma, akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, akaandika maneno mawili: "Kioo kitakubali?" Nilitoka nimenuna. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufikia tarehe ya kukabidhi, sina andiko jingine, na wenzangu walishaanza kunitania kwamba nitakula sapu ya mradi. Ikabidi nikae maktaba nitafute jibu.

Tuanze na hesabu iliyonidanganya. Faiba ya masafa marefu ni uzi wa kioo cha silika, na mwanga unaopita humo ni wa infraredi, wimbi lenye urefu wa nanometa 1550 hivi. Jicho halioni chochote. Tulichaguliwa wimbi hilo kwa sababu ndipo kioo hicho kinapopoteza mwanga kidogo kabisa. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Uingereza, alionesha kwamba tatizo la kioo cha wakati ule ni uchafu wake, na kwamba kikisafishwa kinaweza kubeba mawasiliano. Mwaka 2009 akapewa Nobeli. Mwaka huohuo wa 2009 ndipo mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam. Baadaye Mkongo wa Taifa ukatuunganisha na sisi wa bara.

Hata kikiwa safi namna hiyo, kila kilomita 50 kinabakisha sehemu moja tu ya kumi. Kwa reli, Dar hadi Tabora ni kama kilomita 840. Ukitia miliwati moja ya mwanga pale Dar bila kuikuza popote, unarusha fotoni karibu trilioni 8,000 kwa sekunde. Tabora itafika fotoni moja kila sekunde nane hivi. Hapo nilicheka peke yangu maktaba. Ukizidisha nguvu mara kumi, unanunua kilomita 50 za ziada, basi. Lakini kilomita 50 kwa kila kipande si haba: 80 inakuwa 130, na vituo kumi kweli vinakuwa sita. Kwa hesabu hiyo nilikuwa sahihi!

Kosa lilikuwa kudhani kwamba kioo ni bomba, mwanga unapita nacho kinabaki vilevile. Kumbe hapana. Mwanga hupungua kasi ukiingia kwenye kioo, na kuna namba inayoonesha unapungua kiasi gani. Kwa silika kwenye infraredi hii ni kama 1.44. Darasani tunaikariri kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Ila mwaka 1875 Mskoti John Kerr alionesha kwamba kioo kikiwekewa umeme mkali, namba yake inabadilika. Mwanga wenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku, kwa hiyo mwanga mkali nao unakibadilisha kioo unamopita. Hapo uwiano wa moja kwa moja tuliouzoea, zidisha hiki mara mbili upate kile mara mbili, unavunjika.

Utasema miliwati moja ni nini? Hata kurunzi ya simu inaishinda. Lakini njia ya mwanga ndani ya faiba ina eneo la mikromita za mraba 80 tu. Ukibana miliwati moja humo, ukali wake unazidi wa jua la saa sita mchana zaidi ya mara elfu kumi. Kwa ukali huo ile 1.44 inapanda kwenye tarakimu ya kumi na tatu baada ya nukta. Ni kidogo mno, ila faiba ni ndefu: katika kilomita 20 za kwanza mnaingia mawimbi bilioni 18 na ushee, na kosa dogo kwa kila wimbi linajumlishwa. Uzi mmoja unaweza kubeba chaneli 80, kila moja na rangi yake ya infraredi. Kila chaneli inakisukuma kioo, na zile 79 nyingine zinayumba. Zipe zote miliwati kumi kumi, kama nilivyopendekeza, na wimbi linaweza kusogezwa mizunguko kadhaa mizima kabla ya kituo cha kwanza. Siku hizi taarifa inaandikwa kwenye mkao huohuo wa wimbi, kwa hiyo ukiusogeza hovyo umefuta maandishi.

Na kuna baya zaidi. Chaneli tatu zikikutana kwenye kioo zinaweza kuzaa ya nne, mwanga ambao hakuna aliyeuwasha, ukaangukia juu ya chaneli ya jirani. Nguvu ya huyo mtoto haramu inategemea zao la nguvu za wazazi wote watatu. Ukizidisha kila mzazi mara kumi, mtoto anakua mara elfu. Yaani andiko langu lingepunguza vituo vinne na kuongeza makelele mara elfu.

Wajapani walilipata somo hili kwa gharama. Walitandaza kwa wingi faiba iliyotengenezwa ili rangi zote za jirani zisafiri kwa kasi karibu sawa, mapigo ya mwanga yasitawanyike. Ilikuwa faiba nzuri sana kwa chaneli moja. Zilipoanza kutumwa chaneli nyingi pamoja, rangi zile zikawa zinatembea bega kwa bega safari nzima, zinapata muda wote wa kuzaana. Faiba ya kawaida, ambayo rangi zake zinaachana njiani, ikaonekana ina nafuu. Sehemu hii niliisoma mara tatu kabla ya kuiamini, maana kasoro tuliyofundishwa kuipiga vita ndiyo inayotuokoa.

Nikiwa na haya kichwani nilikwenda nyumbani likizo kwa treni, na nikawa nawafikiria waliopita njia ile kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba. Mwanga unatumia milisekunde nne hivi. Mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kama frasila mbili kwa mtu. Na katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa kama mali. Hakuna kiongozi wa msafara aliyemtwika mpagazi frasila ishirini ili aruke kambi. Mzigo ulikuwa na kiasi chake, na kambi ziliwekwa kufuata kiasi hicho. Nguvu ya leza nayo ina kiasi chake: ikipungua sana inamezwa na makelele ya amplifaya, ikizidi inavurugwa na kioo. Kazi ya mhandisi ni kukitafuta kile cha katikati.

Niliporudi chuo nilimwambia msimamizi, "Dokta, kioo hakikubali." Akauliza, "Kioo kipi?" Nikaona ananichezea, lakini swali lilikuwa la kweli. Vipo vioo vya kalkojenidi, vya aseniki pamoja na salfa au seleniamu, ambavyo badiliko lake ni kubwa kuliko la silika mara mia na zaidi. Kwa mkongo wa kwenda Tabora ni balaa. Lakini kwenye njia ya mwanga ya sentimita chache, iliyochongwa juu ya kibao kidogo, fujo hiyohiyo ndiyo inayotafutwa: unaingiza leza ya rangi moja, inatoka rangi nyingi, hadi kwenye infraredi ya kati ambako silika inakuwa giza tupu. Na hukohuko ndiko sukari mbalimbali zinakofyonza mwanga, kila moja kwa alama zake, kiasi kwamba maabara huweza kutambua asali iliyochanganywa na sukari.

Mama yangu anauza asali. Wanunuzi wa mjini humtuhumu kila msimu kwamba ameongeza maji ya sukari, na hana cha kuwaonesha zaidi ya kuapa. Andiko jipya nililikabidhi siku mbili kabla ya tarehe, na safari hii kalamu nyekundu ilisahihisha tahajia tu.