Alikatwa tumbo apungue, sasa ajifunza kula upya

SAA tatu za asubuhi, upepo wa kusi unapovuma kutoka ghuba ya Gazi, mama yangu mdogo huketi kibarazani kwake na kikombe cha uji. Si kikombe cha chai. Ni kile kidogo cha kunywea kahawa. Huuchota kwa kijiko, akatua, akatazama njia, akachota tena. Uji huo humchukua karibu nusu saa. Mpita njia asiyemjua angedhani ni mgonjwa aliyekosa hamu, au ni mtu wa maringo.

Lakini Gazi wanamjua. Ndiye yule aliyekuwa akikaanga mahamri na viazi karai kwenye njia iingiayo kijijini, mama wa kilo 124 ambaye watoto wa chuoni walimpa jina ambalo sitaliandika hapa. Mwaka 2022 alikwenda Nairobi akafanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue. Aliporudi kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema ni ukimwi, wengine wakasema amerogwa na mwenziwe wa biashara. Amenipa ruhusa kuyaandika haya kwa sharti moja, kwamba nisimtaje jina, ijapokuwa anajua fika kwamba kuanzia Msambweni hadi Ukunda watamtambua.

Msomaji, kwetu pwani unene haujawahi kuhesabiwa ugonjwa. Bi harusi akitoka ndani amenawiri, mama yake hupongezwa. Mume ambaye mkewe amekonda huulizwa kama hamlishi. Hata hivyo hesabu za hospitali zinasema mengine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi, na kwa wanawake peke yao ikawa asilimia 38.5. Kisukari na presha hufuata nyuma ya uzani huo kama mkia.

Kilichomsukuma mama mdogo hakikuwa kioo. Kilikuwa ni magoti, kisukari cha miaka tisa, na usiku. Alikuwa akikatika pumzi usingizini. Mumewe, ambaye ni mvuvi na anahitaji kuamka alfajiri kufuata maji, aliniambia kwamba kwa miaka mingi hakulala, bali alikuwa akisikiliza kama pumzi ya mkewe itarudi. Ikichelewa humtikisa. Mchana mama mdogo husinzia mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Lile daraja la mbao la akina mama lipitalo katikati ya mikoko, ambalo wageni huja kutoka Diani kulitembea, alikuwa hawezi kufika hata nusu yake.

Najua kuna msomaji anayeuliza sasa hivi, si angepunguza kula tu? Nami niliuliza. Alijaribu maji moto na limau, akajaribu majani ya mlonge, akaacha wali na sima miezi mitatu mizima. Zilitoka kilo 11, zikarudi 14. Madaktari wanasema hilo si uvivu. Mwili uliozoea uzani mkubwa huuhesabu kuwa ndio wake, na ukipungua huongeza njaa na kupunguza matumizi, kama mama wa nyumba anayebana sukari mwisho wa mwezi. Wako wanaofaulu kwa chakula na mazoezi, na hao ni wa kuigwa, lakini kwa mtu aliyefika kilo 124 ni wachache mno.

Habari za upasuaji alizileta binti yake aliye Muscat. Huko Ghuba jambo hilo limezoeleka. Mtu humwona jirani amepungua nusu na hakuna anayeshangaa. Binti akatuma ujumbe, akatuma na picha. Ndipo kikao kilipoitwa.

Nami nilikuwako katika kikao hicho. Binti angetoa sehemu ya fedha, lakini matibabu ya namna hii katika hospitali za kibinafsi hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na iliyobaki ingetoka katika nusu ya shamba la minazi ambalo mama mdogo alirithi. Mjomba alipinga waziwazi.

"Mwenyezi Mungu amekupa tumbo zima," alisema, "nawe wauza minazi ya wazee ukalikate?"

"Kaka," mama mdogo alimjibu, "nisipolikata tumbo, sukari italikata hili guu. Na guu nalo lina gharama yake."

Walimwendea mwalimu wa chuoni. Yeye aliuliza swali moja tu, kama ni kwa ajili ya maradhi au ni kwa urembo. Akaambiwa maradhi. Akasema basi mtafute daktari ajuaye kazi yake.

Daktari hufikaje kusema huyu afaa na yule hafai? Hupima kwa hesabu ndogo ambayo hata wewe waweza kuifanya. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu uo huo. Mama mdogo ana urefu wa mita 1.58, kwa hiyo jawabu lake lilikuwa karibu 50. Tangu 1991 madaktari wengi duniani walifuata mwongozo wa Marekani uliotaka mtu awe amefika 40, au 35 ikiwa ana maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha kipimo, wakasema 35 yatosha hata bila maradhi, na mwenye kisukari aweza kufikiriwa kuanzia 30. Mtu mwenye kitambi cha kawaida anayetaka tu nguo ya arusi imkae vizuri hayumo.

Upasuaji wenyewe si wa jana. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliuanzisha mwaka 1966 baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walikuwa wakikonda. Siku hizi kuna namna mbili zinazofanywa zaidi. Ya kwanza hukata na kutoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba kama ndizi. Ya pili hutenga kimfuko kidogo juu, cha kiasi cha yai, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mama mdogo alishauriwa hii ya pili kwa sababu ya kisukari na kwa kuwa alikuwa na kiungulia kikali, ambacho ile namna ya kwanza huweza kukizidisha.

Kuna pia puto. Tangu 2022 Hospitali ya Muhimbili kule Mloganzila, Tanzania, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni bila kuwapasua, na mwimbaji Peter Msechu ni mmoja wa waliowekewa na hakuona haya kulitangaza. Lakini puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na baada ya hapo mtu hurudi kwenye tumbo lake lile lile. Zipo na sindano mpya za kila wiki, kama ile semaglutide iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa kupunguza uzani. Zinafanya kazi. Ukiziacha, sehemu kubwa ya kilo hurudi, na bei yake si ya muuza mahamri.

Kuhusu hatari, daktari hakuwaficha. Katika hospitali zenye uzoefu, kati ya watu 1,000 hufa takriban mmoja hadi watatu, na wengine mshono huvuja au damu huganda miguuni. Mjomba alishika hesabu hiyo peke yake akairudia njia nzima, kwenye treni hadi feri ya Likoni. Hakusikia ile nyingine, kwamba Uswidi, ambako tangu 1987 wamewafuatilia watu wanene wapatao 4,000, nusu waliopasuliwa na nusu wasiopasuliwa, waliopasuliwa ndio waliokufa wachache zaidi kadiri miaka ilivyopita.

Mama mdogo aliamua. Wiki mbili kabla alikunywa vitu vya majimaji tu ili ini lisinyae na kumpa daktari nafasi. Akafanyiwa kwa vitobo vidogo, siku ya pili akatembezwa, siku ya nne akatoka. Upasuaji, asema, ulikuwa ndio sehemu rahisi.

Mwezi wa kwanza alikuwa mtu wa supu na uji mwepesi. Kisha vitu vya kupondwa. Kisha samaki laini, yai, mbaazi zilizosagika. Protini kwanza, wali baadaye kama nafasi ipo, na nafasi huwa haipo. Hanywi maji pamoja na chakula. Hungoja nusu saa. Siku moja katika mwezi wa tatu alionja kaimati mbili zilizotiwa shira. Haikufika robo saa, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akalala sakafuni akidhani ndiyo siku yake. Sukari ilikuwa imeporomoka yote kwa mkupuo hadi utumboni. Daktari alikuwa amemwonya; kaimati zilikuwa za arusi ya mpwa wake.

Na hapo ndipo penye uchungu ambao hakuna aliyemwambia kabla. Kwetu hatuli peke yetu. Sinia ya pilau huwekwa, wanne wakazunguka, na anayekula haraka ndiye anayeshiba. Yeye hula matonge manne akanawa. Wenziwe humtazama kana kwamba amewatukana. Siku hizi huambiwa, basi wewe tukutengee kisahani, kama mtoto. Mumewe naye, waliokula sahani moja kwa miaka zaidi ya 30, alinung'unika kwamba sasa anakula kama mjane. Ilichukua muda hadi akajifunza kupunguza mwendo. Tena yeye mwenyewe amepungua kilo sita bila kukatwa popote.

Katika mwaka wa kwanza zilitoka kilo 42. Sindano za insulini ziliachwa, na usingizi ukarudi, wake na wa mumewe. Nywele zilimtoka miezi ya mwanzo, zikaota tena. Ngozi haikurudi, mikono na tumbo vinaning'inia, naye huvifunika kwa leso na kucheka. Ramadhani ya kwanza hakufunga, akalipa baadaye. Ya pili alimwuliza daktari, akaruhusiwa, akawa anapiga funda moja moja za maji kuanzia futari hadi daku.

(Kwa dada zetu walio katika umri wa kuzaa, madaktari husisitiza kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Nao wajihadhari, kwa maana uzani ukishuka, waliokata tamaa ya kupata mtoto hupata bila kutarajia.)

Mwaka wa pili karibu umwangushe. Utumbo ulioruka sehemu yake haunyonyi vitamini kama zamani, kwa hiyo anahitaji vidonge vya vitamini, chuma na chokaa, pamoja na B12, kila siku hadi kaburini, na kupimwa damu kila mwaka. Alipojiona mzima, na biashara ikawa mbaya, aliacha. Baada ya miezi saba hakuweza kupanda ngazi mbili za kibaraza chake. Ngozi ilikuwa imepauka, vidole vya miguu vina ganzi. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Wakati huo huo alikuwa akinunua dukani zile dawa za maumivu za magoti, kama diclofenac, ambazo mtu wa upasuaji huu hukatazwa kwa kuwa huchimba vidonda pale kwenye mshono. Hakuna aliyemdanganya; yeye mwenyewe asema alisahau kwamba yeye si mtu wa kawaida tena.

Kilo nazo hurudi kidogo. Alifika 82, sasa ana 88. Hata Diego Maradona, aliyefanyiwa upasuaji wa namna hii Cartagena, Colombia, mwaka 2005 akapungua kilo zipatazo 50, alinenepa tena, na mwaka 2015 akarudi kupasuliwa Venezuela. Daktari wa mama mdogo haoni ubaya katika kilo sita. Yeye huzihesabu kila Ijumaa.

Nilipomtembelea mwezi jana alikuja jirani, mama wa makamo mwenye magoti yanayomsumbua. Alizunguka sana, akauliza habari za watoto, za mvua, kisha akauliza ilikuwa pesa ngapi. Mama mdogo hakumjibu. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akamimina vidonge vyake mkekani, vya mwezi mmoja, akamwambia avihesabu. Kisha akamwuliza ni nani nyumbani kwake atakayevinunua mwaka wa kumi.

Jirani alihesabu hadi mwisho. Akasema atakwenda kuzungumza na mwanawe. Mama mdogo akavirudisha koponi kimoja kimoja, akakumbuka kwamba cha asubuhi alikuwa hajakimeza, akaagiza maji.