Kuunda kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo: Nunua nguvu, usinunue taa

Vijana wengi hapa Pwani hawaridhiki tena na gemu za kwenye simu. Wanataka kompyuta, na si ile iliyofungwa tayari dukani, bali ya kuunda wenyewe kipande kwa kipande. Wazazi wakisikia hivyo hushika vichwa. Mimi nasema tusiwakatishe tamaa upesi. Kijana akiunda kompyuta kwa mikono yake anajifunza ufundi ambao kesho waweza kumpa riziki, na ni heri mikono yake ishughulike na bisibisi kuliko mambo mengine tunayoyaona mitaani.

Lakini pesa zenyewe ni za jasho. Kuna aliyeuza viazi karai mwezi mzima wa Ramadhani, na kuna aliyebana nauli mwaka mzima. Pesa hizo zikiishia kwenye kifaa bandia, au vipande visivyoingiliana, hazirudi. Ndiyo maana nataka tuzungumze polepole, kijana na mzazi wake pamoja, kabla mtu hajaingia dukani.

Gemu gani, kwenye skrini gani?

Swali la kwanza si "kompyuta nzuri ni ipi?" Swali ni "nitacheza nini?" Valorant na Minecraft ya kawaida haziombi nguvu nyingi. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, huchezeka vizuri kwenye mashine ya wastani. Gemu kubwa kama Cyberpunk 2077 ni habari nyingine kabisa.

Kisha tazama skrini. Skrini ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080. Ile ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, kwa hivyo kadi ya grafiki hufanya kazi kubwa zaidi. Na kama skrini yako ni ya hezi 60, inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Ukinunua kadi ya kutoa picha 150, hizo 90 za ziada huzioni. Kwa mwenye mfuko mdogo, skrini ya kawaida yatosha, na bajeti yote ipangwe kwa kipimo hicho.

Gawa pesa ukiwa nyumbani

Tuseme una shilingi 80,000 za kompyuta yenyewe, bila skrini wala kibodi. Mimi ningegawa hivi kwa kila shilingi 100: kadi ya grafiki 38, prosesa 17, madabodi 12, RAM 10, pawa saplai 10, SSD 8 na kasha 5. Yaani kadi ya grafiki ichukue kama 30,000, pawa saplai 8,000, na kasha lisizidi 4,000.

Wengi hufanya kinyume. Wanaona kasha la kioo lenye feni zinazowaka rangi saba, wanalipenda, wanalilipia, halafu wanatafuta pawa saplai ya bei ya kutupwa ili hesabu itimie. Taa haiongezi picha hata moja kwenye gemu.

Hesabu hii si sheria. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mitambo ya akili mnemba. Ukikuta RAM imekula fungu kubwa, punguza kwenye prosesa au kwenye kadi. Usipunguze kwenye pawa saplai, na sababu yake naieleza hapa chini.

Prosesa na madabodi ni ndoa

Prosesa haikai kwenye madabodi yoyote. Kila moja ina soketi yake. Ryzen 5 5600 ya AMD hukaa kwenye soketi ya AM4, nayo Core i3-12100F ya Intel hukaa kwenye LGA1700. Ya kwanza ina kiini sita, ya pili ina vinne. Zote mbili zamfaa anayeanza.

Angalia herufi za mwisho. Ile F ya Intel maana yake prosesa haina grafiki ndani yake. Ryzen 5 5600 nayo haina. Ukiziwasha bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa kibovu. Lakini Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani. Kijana ambaye pesa yake haijatimia anaweza kuanza na hiyo, acheze gemu ndogondogo, kisha anunue kadi baada ya miezi sita. Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa asiye na haraka.

Jambo jingine ni umri wa madabodi. Zile za B450 zilitoka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 zikaja 2020. Madabodi ya zamani iliyokaa rafuni huenda isiitambue prosesa mpya mpaka programu yake ya BIOS isasishwe. Mwambie muuzaji akufanyie kazi hiyo kabla hujalipa.

RAM nayo ina kabila zake. DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata tundu zake ni tofauti. AM4 hutumia DDR4 peke yake. LGA1700 ina madabodi za aina zote mbili, kwa hivyo soma kwenye boksi. Gigabaiti 16 zatosha, na ni bora ziwe vipande viwili vya nane kuliko kimoja cha 16, kwa sababu vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa mwenye 5600G hili ni la lazima, maana grafiki yake huazima RAM hiyohiyo.

Kadi ya grafiki: hapa ndipo watu huliwa

Kwa skrini ya kawaida, tafuta kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ikiwezekana. RX 6600 ni mfano mzuri: ina gigabaiti 8 na hula takriban wati 132 tu. GTX 1660 Super ina gigabaiti 6 na bado inaitika. RX 580 ya mwaka 2017 hupatikana kwa bei ya chini, lakini hula takriban wati 185 na hutoa joto jingi.

Kadi nyingi za mitumba zilipitia kazi ngumu ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, kadi kwa maelfu zilimwagika sokoni. Si zote mbovu, ila usinunue kwa macho. Omba ichomekwe na ichezeshwe gemu kwa nusu saa. Tazama kama kuna mistari au vidoa kwenye skrini, sikiliza feni, na uangalie joto lake.

Kuna na uhuni mwingine: kadi ya zamani hubadilishwa jina kwa programu, ikajitambulisha kama mpya. Fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo hutambua nyingi za namna hiyo na kukuonya. Muuzaji akikataa kadi yake ipimwe, mshukuru na uondoke.

Pawa saplai ndiyo moyo

Makasha mengine huuzwa na pawa saplai ndani, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Maandishi hayo ni ya bure. Pawa saplai mbovu ikifa, yaweza kwenda na madabodi na kadi. Ndipo unaona mtu ameokoa shilingi 4,000 akapoteza 50,000.

Piga hesabu. Kadi ya wati 132, prosesa ya wati 65 ambayo hupanda kidogo ikibanwa, na vinginevyo wati 50 hivi. Hata ukiongeza nafasi ya kupumua, hufiki 350. Pawa saplai ya wati 500 au 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, yatosha kabisa. Alama hiyo hupima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea. Si dhamana ya kila kitu, lakini isiyo nayo iache.

Baadhi ya pawa saplai za bei ya chini zina swichi nyekundu mgongoni, upande mmoja 115 na mwingine 230. Stima yetu ni ya volti 240. Swichi ikiwa kwenye 115 ukawasha, utasikia mlio na moshi. Itazame kabla ya kuchomeka waya.

Nasi wa Pwani twajua stima yetu ilivyo. Hupotea ghafla, hurudi kwa kishindo. Weka UPS au angalau stabilaiza, na stima ikikatika ng'oa waya ukutani mpaka itulie. Ukigusa kasha ukahisi linakung'ata, waya wa ardhi wa nyumba haufanyi kazi. Mwite fundi wa stima, usiendelee kucheza.

Joto, chumvi na vumbi

Ushauri mwingi wa kuunda kompyuta umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao chumba ni nyuzi 20, sisi msimu wa kaskazi chumba hupita 30, na joto hilo lote lajumlishwa kwenye joto la vifaa. Kwa hivyo chagua kasha lenye uso wa wavu, si kioo kitupu mbele, na feni mbili angalau: moja ivute hewa ndani, nyingine itoe nje. Usiliweke dirishani panapoingia upepo wa bahari, kwani chumvi na unyevu hula chuma polepole. Lipulize vumbi kila mwezi.

Njia ya mkato kwa mwenye nusu ya pesa

Maduka mengi huuza kompyuta za ofisi zilizotumika ughaibuni, kama Dell OptiPlex. Ukiongeza kadi ndogo na SSD unapata mashine ya kuchezea. Ila pima mambo matatu. Kasha likiwa jembamba, linataka kadi fupi maalumu. Pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi haibadilishiki kwa ya kawaida, hivyo tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama baadhi ya GTX 1650 zinazokula wati 75. La tatu ni umri: Windows 10 iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 rasmi hutaka Core ya kizazi cha nane kwenda juu. I5 ya kizazi cha nne ni rahisi kwa sababu hiyo.

Wenye ndugu Dubai huagiza vipande kutoka huko. Umeme wao na plagi zao hazitupi shida. Lakini waranti mara nyingi ni ya duka lililouza, na kipande kikifa hapa, safari ya kukirudisha ni yako. Agiza prosesa na RAM ukipenda, ila kadi na pawa saplai nunua mahali unapoweza kurudi kwa miguu.

Kabla ya kutoa pesa

Dai risiti yenye jina la kifaa na namba yake ya siri ya kiwandani. Uliza waranti ni ya miezi mingapi na nani anaitimiza. Usinunue vyote siku moja kama huna hakika. Andika orodha, mwonyeshe fundi asiyekuuzia kitu, umsikilize. Ukishaunda, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiki, si kwenye madabodi, la sivyo kadi yote uliyolipia italala.

Na jambo moja la mwisho, hasa kwa vijana. Usichukue mkopo wa simu ili kumalizia kadi. Riba yake yajulikana kwetu sote, kidini na kimfuko, na gemu haijapata kumdai mtu haraka. Anza na ulichonacho. Madabodi nzuri na pawa saplai nzuri zitakungoja hata miaka mitatu, uwe unaongeza kidogo kidogo. Mzazi nawe, siku kijana wako atakapomwaga vipande mezani, kaa naye. Muulize kila kimoja chafanya nini. Akikueleza ukaelewa, jua pesa haikupotea.