Munyaka na mafuriko: tuchimbe mitaro au tulinde kinamasi?

Uzi mfupi. Kama kawaida hatutaji mtu wala chama, tunaeleza hoja tu.

Mvua kubwa ikinyesha Eldoret, ahadi huwa ni ile ile: mitaro. Anayetaka kiti atachimba, aliye kitini anasema tayari inachimbwa. Sawa, mitaro tunaihitaji. Lakini mtaro hauweki maji. Unayatoa mlangoni pako na kuyafikisha mbio kwa jirani wa chini.

Kinachoweka maji ni kinamasi, kile wengi tunaita swampi. Maji yakifika pale yanatawanyika, mafunjo na nyasi zinayapunguza kasi, halafu yanatoka polepole. Kaskazini mwa mji tuko na Marura, kwenye mto Chepkoilel. Vile vidogo vya mitaani havina hata jina, na ndivyo vinaisha kwanza.

Hebu tupige hesabu ya ploti moja. Futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Ikiwa iko kwenye kinamasi na maji husimama hapo sentimita 30, imebeba karibu lita 140,000. Hayo ni malori 14 ya maji, kila moja lita 10,000. Sasa mwenyewe anamwaga murram, anainua ploti, anajenga. Kwake kunakauka vizuri kabisa. Yale malori 14 je? Yameenda kwa jirani. Ploti 20 zikijazwa hivyo ni malori 280, na huyo jirani anayeamka usiku kuinua godoro hajawahi kununua hata tripu moja ya murram.

Hapo ndipo kelele huanza: "Mimi niko na hatimiliki!" Hati inasema ploti ni ya nani, haisemi maji yapite wapi. Kanuni za ardhioevu za 2009, chini ya sheria ya mazingira (EMCA), zinahusu ardhi ya umma na ya mtu binafsi pia.

Lakini tusiwe wepesi. Ukionyeshwa ploti Januari unaona nyasi kavu tu, na brokari hatakwambia kuhusu Mei. Mama aliyechukua mkopo wa sacco akanunua kwa nia njema, tumwambie nini? Anayesema jibu ni rahisi anatafuta kura.

Na si wenye ploti pekee. Dar es Salaam, karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, bonde la mto Msimbazi. Ikafurika, tena na tena.

Kinamasi pia kina kikomo. Mvua ikinyesha wiki nzima kinajaa, na hapo hata mtaro utahitajika. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja, ila mtaro unaweza kuchimbwa mwaka wowote. Kinamasi kikishajengwa juu, kukirudisha ni kubomoa.

Ukiambiwa "hiyo ni kazi ya serikali kuu", fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa ni jukumu la kaunti. NEMA iko na kazi yake ya kusimamia sheria ya mazingira, lakini mpango wa ujenzi unapitishwa kaunti. Kwa hivyo kwenye baraza lijalo, kabla ya kuuliza mtaro utakuwa na urefu gani, uliza hivi: ramani ya vinamasi vya mtaa huu iko wapi, na nani aliidhinisha ploti zilizo ndani yake?