Mfuko wa wote ndio unaolinda mali ya mmoja

Mwezi Juni ukiingia, mjadala wa mituweli huanza upya hapa kwetu Rwanda, kwa kuwa mwaka wa bima hiyo huanza Julai mosi. Yupo anayeuliza kwa nini atoe pesa yake ilhali mwaka mzima hakuumwa hata kichwa. Yupo anayesema afadhali aiingize pesa hiyo katika biashara yake, na siku akiugua aende kliniki binafsi ambako hakuna foleni. Na yupo anayemjibu kwa ukali kwamba matibabu ni kazi ya serikali, hivyo mwananchi asidaiwe hata faranga moja.

Ndugu msomaji, watu hawa wote watatu wanabishana juu ya nani awe mwenye hospitali. Mimi naona swali lenye uzito ni jingine: pesa ya matibabu inalipwa lini, na inalipwa na nani? Je, ilipwe na wote wakiwa wazima, au ilipwe na mgonjwa peke yake, akiwa amelala mlangoni mwa hospitali huku ndugu zake wakihangaika kutafuta wa kununua shamba?

Nalisema hili nikiwa mtu aliyeona pande zote mbili. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi nchini Tanzania, nami nilizaliwa na kusoma katika wilaya ya Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera. Tanzania ya wakati huo ilikuwa bado inaishi chini ya kivuli cha Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni wala kupangisha nyumba. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyopiga marufuku matibabu ya kibinafsi kwa ajili ya faida. Tiba ikawa ya bure, na hospitali zikabaki mikononi mwa serikali na mashirika ya dini.

Utaratibu huo ulikuwa na heri yake. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji walichanjwa kwa sindano moja, na hakuna aliyeulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa shule ya msingi, zahanati niliyoijua ilikuwa na muuguzi, meza na daftari, bali kabati la dawa lilikuwa tupu. Mgonjwa alipimwa bure, kisha akapewa karatasi yenye jina la dawa ya kwenda kununua dukani. Mama aliyekuwa na mbuzi aliuza mbuzi. Asiyekuwa na mbuzi alichemsha majani.

Mwaka 1991 Tanzania iliruhusu tena matibabu ya kibinafsi, na mwaka 1993 ikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama katika hospitali zake. Kutoka kwenye bure isiyo na dawa, watu wakahamia kwenye dawa yenye bei. Kwa mwenye pesa lilikuwa jambo la nafuu. Kwa mkulima wa kawaida, kilichobadilika ni mahali pa kumpeleka yule mbuzi.

Hapa nyumbani nako historia ilipita njia inayofanana. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu walitibiwa bure kwa misaada ya dharura. Mwaka 1996 malipo yakarudishwa, na wengi wakaacha kwenda vituo vya afya. Hawakuacha kwa sababu walikuwa wamepona. Waliacha kwa sababu hawakuwa na cha kulipa siku ya ugonjwa.

Ndipo mwaka 1999 likafanyika jaribio katika maeneo matatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya watu wasiozidi 7 ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka, ikatibiwa katika kituo chake cha afya. Jaribio hilo ndilo lililozaa mituweli ya nchi nzima katika miaka iliyofuata. Mwaka 2006 mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa kila mtu. Sheria iliyotungwa mwishoni mwa mwaka 2007 ikamtaka kila mkazi awe na bima ya afya. Mwaka 2011 viwango vikapangwa kufuatana na hali ya familia: 2,000 kwa maskini kabisa, ambao walilipiwa, 3,000 kwa watu wa kati na 7,000 kwa wenye uwezo. Mwaka 2015 mfuko huo ukakabidhiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB.

Wapo wanaodhani kwamba wazo hili liliteremka kutoka kwa wataalamu wa kigeni. Hapana. Wazee wetu walikuwa na ingobyi, ile machela ya kusukwa ya kumbebea mgonjwa kutoka mlimani hadi hospitali. Kila mlima ulikuwa na chama chake cha wabebaji, na kila mji ulitoa mtu wa kutia bega. Mwenye ng'ombe 20 alibeba, na asiye na hata kuku alibeba. Hakuna aliyesema, "Mwaka jana sikubebwa, kwa hiyo mwaka huu sibebi." Kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako vyama vya aina hiyo huitwa engozi, hospitali ya misheni ya Kisiizi ilianzisha bima yake mwaka 1996 kwa kuvitumia vyama hivyo hivyo vya wabebaji. Waliokuwa wamezoea kuchangia mabega wakaanza kuchangia shilingi.

Sasa tuje kwenye suala la mali ya mtu binafsi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwananchi mwenye duka au shamba huiona mituweli kama kitu kinachomega mali yake ili kumpa jirani. Tupige hesabu. Tuseme mke wa mkulima amefanyiwa upasuaji katika hospitali ya wilaya, na gharama yote ni faranga 100,000. Kwa utaratibu wa mituweli mgonjwa huchangia asilimia 10 hospitalini, yaani faranga 10,000. Asiye na mituweli atadaiwa 100,000 zote, na atadaiwa leo, siyo baada ya mavuno. Atauza nini? Atauza ng'ombe, na kwa kuwa mnunuzi ameshasikia kwamba una mgonjwa, atampata kwa bei ya chini.

Ng'ombe huyo akiondoka, haondoki peke yake. Maziwa ya watoto yanaondoka, mbolea ya shamba inaondoka, na msimu unaofuata mavuno yanapungua. Tangu mwaka 2006 nchi hii imekuwa ikizigawia familia maskini ng'ombe kupitia mpango wa Girinka. Ingekuwa kazi bure kumpa mtu ng'ombe asubuhi na kumwacha amuuze jioni kwa sababu mtoto ana homa ya mapafu. Mfuko wa pamoja ndio zizi la ng'ombe huyo. Anayetaka watu wajikusanyie mali kwa jasho lao ndiye angekuwa wa kwanza kuutetea.

Sisi walimu tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Chama chetu cha kuweka na kukopa, Umwalimu SACCO, kilibuniwa mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2008. Mwalimu mmoja mmoja, kwa mshahara wa wakati ule, asingesikilizwa kirahisi na meneja wa benki. Walimu wa nchi nzima walipoweka akiba mahali pamoja, mwalimu wa shule ya msingi akaweza kukopa, akajenga nyumba, akafungua duka. Nyumba ni yake, duka ni lake, hati ina jina lake. Pesa zilizomwezesha zilikuwa za wote. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikishajaa kila mtu anaweza kuchota kwa zamu.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba kila kitu kiko sawa. Kazi ya mtu bado inaamua atatibiwa wapi. Mimi, kama mtumishi mwenye mshahara, niko katika bima iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa jina la RAMA, ambayo sasa iko chini ya RSSB. Asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi hukatwa kwangu, mwajiri huweka nyingine kama hiyo, nami nikiugua hulipa asilimia 15 tu. Kadi yangu inapokelewa katika kliniki na maduka ya dawa ya kibinafsi yenye mkataba. Jirani yangu anayelima viazi, mwenye kadi ya mituweli, anatakiwa aanzie kituo cha afya na kungoja rufaa, na kliniki nyingi za kibinafsi hazimpokei. Dawa ikikosekana kituoni, anaingia katika duka la dawa lile lile ninaloingia mimi. Mimi nalipa sehemu ndogo, yeye analipa yote. Mtu huyo alichangia kabla ya kuugua, kisha akalipishwa tena baada ya kuugua. Hapo ahadi ya mfuko inavunjika, na ndipo maneno ya "mwaka huu sitoi" yanapozaliwa.

Katika kupunguza pengo hilo hatua imechukuliwa. Agizo la mwaka 2020 liliwataka wenye mishahara kuchangia mituweli nusu ya asilimia moja ya mshahara wanaoupokea mkononi. Nakumbuka manung'uniko yaliyokuwapo katika vyumba vya walimu. Lakini nayo tuipigie hesabu. Anayepokea faranga 150,000 hutoa 750 kwa mwezi, yaani 9,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2011, hiyo ni michango ya watu watatu wa tabaka la kati. Agosti 2022 mishahara ya walimu wa shule za msingi iliongezwa kwa asilimia 88. Tulioongezewa na hazina ya umma hatuna haki ya kuona uchungu wa faranga 750.

Je, sekta binafsi haina nafasi? Inayo, tena kubwa. Hospitali ya Kabgayi ni ya Kanisa Katoliki, na kule nilikokulia, hospitali ya Nyakahanga ya Walutheri ndiyo iliyokuwa hospitali teule ya wilaya ya Karagwe. Mgonjwa aliyelazwa pale hakujali hati ya kiwanja ina jina la nani. Alitaka kujua kama daktari yupo na kama dawa ipo. Hapa Rwanda baadhi ya vituo vidogo vya afya vilivyoko karibu na vijiji huendeshwa na wauguzi kama kazi yao binafsi, lakini hupokea kadi ya mituweli. Muuguzi anatafuta riziki yake, mwanakijiji anapunguziwa safari, na pesa inatoka katika mfuko wa wote. Huo ndio ushirikiano ninaouunga mkono.

Tatizo huja pale malipo ya bima yanapochelewa. Muuguzi anayejitegemea hana hazina ya kukopesha serikali. Asipolipwa hatanunua dawa, na asiponunua dawa atafunga mlango. Malalamiko ya namna hiyo yamesikika mara nyingi, na vituo kadhaa vimefungwa. Kuchelewesha malipo ni kuurudisha mzigo kwa mgonjwa kwa mlango wa nyuma.

Mapema mwaka 2025 serikali ilitangaza kurekebisha bei za matibabu, ambazo hazikuwa zimeguswa tangu 2017, na kuipanua orodha ya huduma za mituweli ili iguse pia magonjwa makubwa kama saratani na figo. Ni habari njema, kwa sababu magonjwa hayo ndiyo yanayofilisi ukoo mzima. Lakini orodha ndefu inahitaji mfuko mnene. Huwezi kuahidi kusafisha figo za watu kwa pesa ambayo haikukusanywa. Mzigo huo utagawanywa vipi kati ya mkulima, mwenye mshahara, mfanyabiashara na hazina? Hili ndilo la kujadiliwa waziwazi, badala ya malumbano ya serikali dhidi ya binafsi.

Majirani zetu nao wanalikabili swali hilo hilo. Tanzania, baada ya kupitia bure, kisha malipo mlangoni, ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya ilianza mfuko mpya Oktoba 2024, ambapo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Nchi yenye historia ya ujamaa na nchi yenye historia ya soko huria zimekutana njia panda moja.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka mambo mawili. Kwanza, wanaotoa huduma walipwe kwa wakati. Pili, mwenye mituweli anayekosa dawa katika kituo chake aruhusiwe kuipata katika duka la dawa la kibinafsi kwa kadi ile ile, kama ninavyoruhusiwa mimi.

Nanyi wananchi wenzangu, aliye katika kikundi cha akiba na atenge pesa ya mituweli mapema, faranga kidogo kila wiki, kuliko kungoja Juni. Aliye mzima asijivunie uzima wake kana kwamba aliununua. Wazee wetu hawakusuka ingobyi siku mtu alipoanguka. Waliisuka mapema, wakaitundika ukutani, na kila mmoja akajua zamu yake.