Mji wa Mlimani Usio na Magofu

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha historia katika shule moja ya sekondari huko Makueni, niliwaagiza wanafunzi wachore jengo la kale. Wengi walinichorea Fort Jesus. Mmoja, kijana wa Mbooni, alichora nyumba ya msonge ambayo nyasi zake zilishuka hadi ardhini, na nje ya lango la boma uwanja wenye moto. Nilimpa alama tatu kati ya kumi. Kibanda, nilimwambia, si jengo la kihistoria.

Hivi majuzi nilipanda hadi Kikima, mji mdogo ulioko juu ya milima ya Mbooni. Akilini nilikuwa na picha za Assisi, ule mji wa Italia ulioning'inia mlimani, ambao nyumba zake za mawe zimedumu tangu enzi za kati. Kikima nilikuta maduka ya matofali na mabati. Atafutaye ukuta wa kale huko atarudi mikono mitupu.

Na bado, masimulizi ya Wakamba yanaitaja Mbooni kuwa kitovu cha makazi yao tangu karne ya 17, kabla ya baadhi yao kuvuka mto Athi na kuenea Kitui. Mlimani palikuwa na mvua na chemchemi, na adui alionekana akiwa mbali. Kitui ilikuwa kavu zaidi, na wengi wakageukia biashara. Krapf alipofika huko mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, tajiri wa misafara iliyokwenda pwani.

Basi hao watu wa Mbooni walijenga nini? Walijenga kwa fito na nyasi, vitu ambavyo mchwa na mvua havivihurumii. Kila nyumba ilibidi ijengwe upya baada ya miaka, na kila mara vijana walijifunza kupinda fito na kuezeka. Nje ya lango palikuwa na thome, baraza ya wanaume, ambapo kesi ziliamuliwa na wavulana wakafunzwa habari za ukoo.

Kisha tazama mteremko wenyewe, msomaji. Mnamo miaka ya 1930 milima hii ilikuwa imemomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni ililaumu mifugo, ikanyakua ng'ombe, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza maelfu kwenda Nairobi kulalamika. Ng'ombe walirudishwa, yeye akahamishiwa Lamu. Matuta ya kulazimishwa yalichukiwa mno. Lakini baadaye wananchi, wengi wao wanawake katika vikundi vya mwethya, waliyachimba kwa hiari yao: mtaro hukatwa kuufuata mlima, udongo hurushwa upande wa juu, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha kama ngazi. Watu wakaongezeka maradufu na zaidi, na mmomonyoko ukapungua. Nakiri nimepita barabara ile mara nyingi nisiyaone.

Mzee mmoja alinionyesha ilipokuwa thome ya babu yake.

"Hapo, mwalimu, penye pikipiki."

Chini ya mti vijana wa bodaboda walikuwa wakisubiri abiria na kubishana juu ya kesi ya mpaka wa shamba. Nilimuuliza kama anamfahamu mwanafunzi wangu wa zamani. Akasema ni fundi wa ujenzi, anaezeka mabati upande wa Tawa. Sikupita Tawa siku ile.