KIPINDUPINDU: TUSIMFICHE MGONJWA WA KWANZA

Ndugu wasomaji, mvua zikianza kunyesha na vyoo vikaanza kujaa maji, ndipo kipindupindu hupata njia. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya lile daftari ambalo wahamasishaji wa afya hupita nalo nyumba kwa nyumba. Wengi wetu tumelichoka. "Kila siku wanauliza nani anaharisha, wanataka nini na sisi?" Wako hata wanaomfungia mgonjwa ndani wakisikia hodi. Basi tuambizane ukweli.

Tuliyoyapitia

Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Ardhi ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Mwezi wa tano mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Waliugua watu wapatao 3,000, na zaidi ya 30 wakafa. Ni kweli Kagunga watu walikuwa wachache kuliko Goma. Lakini pia wagonjwa walihesabiwa na kutibiwa mapema, na meli ya Liemba ikawatoa watu pale kwa awamu hadi mjini Kigoma. Mwezi wa sita, kambini Nyarugusu, watu zaidi ya 100,000 walipewa chanjo ya matone ya kumeza.

Daftari linafanya kazi gani?

Linaandika jina, umri, mahali mgonjwa anapokaa, siku aliyoanza kuharisha na bomba analochotea maji. Mtu mmoja akiharisha, huenda ni tumbo tu. Lakini watatu wa mstari mmoja, wanaochota bomba moja, wakiharisha maji siku mbili mfululizo, hapo wahudumu wanajua pa kukimbilia. Watapima klorini kwenye maji, watakagua vyoo, watawaangalia majirani, na choo cha mgonjwa kitapelekwa maabara. Kipindupindu kikithibitika kwa mtu mmoja tu, tayari hatua zinaanza. Hapana kungoja wafike kumi.

Ugonjwa huu huonekana kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kumeza vijidudu. Wako pia wanaovibeba bila kuumwa, huku wanavitoa chooni. Ukimficha mgonjwa leo, kabla ya wiki kwisha jirani naye ameanguka, na hakuna anayejua ulikotoka.

Kwa nini tunaficha?

Tunaficha kwa hofu. Mama aliye peke yake anajiuliza: nikilazwa, watoto wanabaki na nani? Siku ya mgao nani atanisimamia foleni? Maswali hayo ni ya haki. Ndiyo maana tunaomba kila mstari upange mapema jirani wa kukaa na watoto, na kiongozi wa kijiji aambiwe mgonjwa anapolazwa ili chakula chake kisipotee.

Wengine wanaona aibu. Kipindupindu si laana wala si uchafu wa kabila fulani. Kinapita katika maji na chakula, kinaingia kwa yeyote. Asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya kuoshea mchele:

1. Mpe maji ya ORS papo hapo, na endelea kumpa njiani. Kama hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.
2. Mpeleke kituo cha afya, hata iwe usiku. Usingoje kupambazuke.
3. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
4. Mwambie mhamasishaji, mtaje na bomba mnalochotea.
5. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni imekwisha, kila unapomhudumia.
6. Akifia nyumbani, msimwoshe wenyewe. Iteni wahudumu wa afya wawasaidie kumzika kwa heshima na usalama.

Dumu la maji lifunikwe, na kikombe cha kuchotea kiwe na mkono. Chakula kiliwe kingali moto.

Wazazi, wasomeeni ukurasa huu na wasiojua kusoma. Na mhamasishaji akibisha hodi kesho, tumkaribishe, tumjibu ukweli. Dakika zake tano mlangoni zinaweza kuwaokoa watoto wa mstari mzima.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda, sote wazima.