Ng'ombe Mwenye Mimba ya Miezi 4 Hadi 6

Mfugaji, ng'ombe hubeba mimba miezi 9 na siku chache. Mwezi wa 5 ndama ana ukubwa wa paka tu, hivyo tumbo huenda lisionekane. Usimuuze ukidhani ni tasa. Ikiwa hajaonyesha joto tena tangu apandishwe, mwite afisa mifugo ampime.

Aliyepandishwa Januari hufikia miezi hii kati ya Aprili na Julai, mvua zinapokatika Mbinga na Nyasa. Malisho yakianza kukauka, mwongezee mabingobingo, maji safi na chumvi ya mifugo. Anayekamuliwa aendelee kukamuliwa hadi ibaki miezi 2 azae.

Jambo la kuogopa ni kutupa mimba. Ugonjwa wa bruselosi hutoa mimba hasa kuanzia mwezi wa 5. Mimba ikitoka:

• Mtenge ng'ombe huyo, umwite afisa mifugo mapema.
• Usishike ndama aliyetupwa wala kondo kwa mikono mitupu. Watoto na wajawazito wakae mbali.
• Zuia mbwa. Afisa akishaona, fukia kwenye shimo refu.
• Chemsha maziwa yote; ugonjwa huu humpata binadamu pia.